Mkaguzi wa Mizani

Kazi yangu ni mizani.
Asubuhi napita soko la Daowai, mkobani mawe ya shaba,
nawapima wapimaji:
muuza samaki wa mtoni, muuza mbegu za alizeti,
yule mwenye kidole kizito kinacholalia sahani.
Miaka kumi na mmoja, hakuna aliyenipunja gramu,
ila mwili wangu.
Mwezi huu siku ishirini na sita, ujao hamsini na tatu,
kisha kimya,
kama duka lililofungwa bila tangazo.

Hospitalini, ghorofa ya sita, nikapewa namba: mia moja na nane.
Mficha uchi hazai, basi nikavua
suruali mbili za sufu na soksi jozi tatu;
Harbin hata aibu huvaliwa kwa tabaka.
Daktari Xiang hakunitazama mimi, alitazama kioo.
"Hizi hapa," akasema, kalamu ikihesabu
vijifuko vyeusi pembezoni mwa ovari,
shanga zisizo na uzi.
"Mayai yapo. Hayapevuki. Homoni zimegombana."
Vidonge siku tano, kuanzia siku ya tatu ya hedhi.
Rudi siku ya kumi na mbili. Anayefuata!
Dakika nne. Nilizipima.

Kwa Bibi Tong, nyuma ya kiwanda cha zamani cha kitani,
hakuna namba. Kuna benchi na paka.
Aliweka vidole vitatu juu ya mshipa wangu
akanyamaza muda wa chai kupoa.
Toa ulimi. Miguu inapoa usiku? Unaota maji?
Nani alikukasirisha mwaka juzi, ukameza?
(Nilimeza. Hata Guosheng sikumwambia.)
"Mji wako wa mimba una baridi," akasema,
na nje ya dirisha ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nikataka kucheka: Bibi, mji gani hapa hauna baridi?

Akafungua droo, akapima mizizi kwa mizani ya mkono:
ufito wa mfupa, sahani ya shaba, uzi mweusi.
Jicho langu halina likizo.
Mizani ile ilikosea. Gramu moja, pungufu.
Sheria naijua kwa moyo, na faini naijua kwa moyo.
Nikafunga mdomo, nikabeba kifurushi.

Siku ya kumi na mbili
fundi wa mashine akasoma milimita kumi na saba.
Mwenzake, nusu saa baadaye, kumi na tano.
Nani ampigie nani muhuri?

Nikanywa vyote. Kidonge kwa maji,
mchuzi mweusi kwa pua iliyobanwa,
na supu ya mama mkwe, asiyeamini kidonge wala mzizi,
anayeamini kuku.
Kila alfajiri kipimajoto chini ya ulimi, nukta daftarini,
nukta, nukta, mstari bapa kama mto Songhua ulioganda,
hadi Jumanne moja ukapanda.
Sehemu tatu za kumi za digrii.
Nikamwamsha Guosheng, nikamwonyesha.
Akakodoa macho kama mtu anayeonyeshwa nyota asiyoiona,
akasema, "Naiona."

Nani alilifungulia lile yai mlango?
Vidonge, akasema daktari.
Baridi imeyeyuka, akasema Bibi Tong.
Mama mkwe akasugua sufuria bila neno,
mabega yake yakijisifu.

Siku kumi na nne baadaye, damu.
Kwa wakati wake. Mara ya kwanza, kwa wakati wake.
Nikakaa chooni nikalia,
na yule mwingine ndani yangu, wa kazini,
akaandika: sahihi.

Leo nimerudi kwenye benchi na paka.
Kesho namba, ghorofa ya sita.
Bibi alipogeukia droo ya tangawizi
nikatoa jiwe la gramu moja mkobani,
nikaliweka taratibu kando ya sahani yake.
"Najua," akasema, bado amenipa mgongo.
"Ndiyo maana huongeza kipande."